Raba Inayoshika Mpira Inafanya Nini Hasa Mezani?

Ukiingia na raketi mpya katika ukumbi wowote wa tenisi ya meza hapa Nairobi, hakosi mtu wa kuiomba aipime. Ataugandamiza mpira katikati ya raba, ile ngozi iliyobandikwa kwenye uso wa raketi, ataigeuza raketi ielekee chini, kisha ataiinua polepole aone kama mpira utaning'inia. Ukining'inia hata kwa nusu sekunde, raba inasifiwa kuwa kali. Ukianguka papo hapo, mwenye raketi anaambiwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Nimesikia hukumu hiyo ikitolewa kwenye klabu za Parklands na kwenye kumbi za kijamii za Eastlands, na wanafunzi wa sekondari wameipokea bila kuuliza.

Hasara yake si ndogo. Raba moja nzuri inaweza kuzidi bei ya raketi nzima ya supamaketi mara kadhaa, na wengi wetu tunaagiza mtandaoni bila kuigusa. Vijana wenye vipaji wananunua raba isiyowafaa, wanaanza kupoteza pointi walizokuwa wakizipata, halafu wanajiona wao ndio wabovu. Inaniuma kuona mtoto akishusha raketi kwa aibu wakati tatizo ni kwamba hakuna aliyemweleza kile alichokishika mkononi.

Jaribio la kuning'iniza mpira linapima jambo moja tu, nalo ni kunata. Kunata si kushika, na kushika si kasi. Mambo hayo matatu yakichanganywa, hakuna ushauri wa raba utakaoeleweka.

Tuanze na raketi yenyewe. Katikati kuna ubao, ambao kwa kanuni za shirikisho la kimataifa, ITTF, unene wake lazima uwe mbao asilia kwa angalau asilimia 85. Juu ya ubao hubandikwa raba. Raba wanayotumia wachezaji wengi ina sehemu mbili zilizounganishwa kwa gundi: ngozi ya juu, ambayo ni laini kwa nje na ina vinundu vidogo kwa ndani, na sponji chini yake. Ngozi, sponji na gundi kwa jumla haviruhusiwi kuzidi milimita 4. Ziko pia raba za vinundu vinavyotazama nje, na raba za kuzima spini ambazo ngozi yake ni ya utelezi. Hizo nitazigusa baadaye kidogo.

Spini ni mzunguko wa mpira ukiwa hewani. Ikiwa sehemu ya juu ya mpira inakimbilia kule mpira unakokwenda, hiyo ni spini ya mbele. Ikiwa sehemu ya juu inarudi nyuma, ni spini ya nyuma, ile tunayoipata tukikata mpira. Ukizunguka kwa ubavu ni spini ya pembeni. Spini ya mbele inaushusha mpira upesi, ya nyuma inauweka hewani kwa muda zaidi, na ya pembeni inaupinda kushoto au kulia. Wachezaji wa daraja la juu duniani huuzungusha mpira zaidi ya mara 100 kwa sekunde.

Sasa kunata na kushika. Raba inayonata inauvuta mpira hata kabla hujaukandamiza, na ukipitisha kidole juu yake unahisi kikivutwa. Raba inayoshika haiuachi mpira uteleze pale unapousugua. Raba inaweza kushika vizuri sana bila kunata hata kidogo. Chukua Butterfly Tenergy 05, iliyoingia sokoni mwaka 2008. Ukifanya nayo jaribio la kuning'iniza, mpira unaanguka. Lakini wachezaji wa kulipwa wameitumia miaka na miaka kupiga mipira yenye spini nzito kupindukia. Upande wa pili kuna DHS Hurricane 3 ya Uchina, raba ambayo Ma Long, bingwa wa Olimpiki wa nchi hiyo, aliitumia kwenye fohendi yake, yaani upande wa raketi wa mapigo ya kiganja. Hiyo inanata waziwazi. Zote mbili zinashika, ila kila moja ina njia yake.

Ndani ya sehemu moja ya elfu ya sekunde

Mpira una gramu 2.7 na kipenyo cha milimita 40. Ukigonga raba, unakaa pale kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Tuseme unapiga lupu, yaani unausugua mpira kutoka chini kwenda juu na mbele. Mpira unabonyea ndani ya ngozi. Raketi inapanda, lakini mpira unachelewa kuifuata, kwa hiyo ngozi inavutwa, vinundu vya ndani vinalala upande mmoja na sponji inanyooka kwa mshazari. Kisha vyote vinajirudisha mahali pake kwa ghafla, na vinapojirudisha vinaupeleka uso wa mpira juu. Spini inatoka hapo. Ngozi ikiteleza katikati ya safari hiyo, kile ulichokuwa umekivuta hakirudi kwa mpira. Mkono umetumia nguvu, mpira umeondoka mtupu, mara nyingi ukiangukia wavuni kwa mlio wa kavukavu.

Fikiria matatu inayopanda mlima siku ya mvua. Tairi jipya haliongezi nguvu ya injini. Kazi yake ni kuhakikisha kila kinachotoka kwenye injini kinafika barabarani. Na tairi hilohilo linafikisha barabarani kila anachokifanya dereva kwenye usukani, pamoja na kosa lake. Raba inayoshika ni hivyo. Haina spini yake yenyewe. Inaupa mpira ule mwendo uliouleta mkono wako, na ikiwa mkono haukuleta mwendo wowote, inaupokea mzunguko wa mpinzani na kukurudishia wewe.

Ukilielewa hilo, mengi yanayowashangaza watu mezani yanajieleza.

Katika migongano myepesi, kama sevu fupi (pigo la kuanzisha pointi) au mpira mfupi unaoukata karibu na wavu, mpira haufiki kwenye sponji. Kazi yote inafanywa na ngozi ya juu. Hapo ndipo kunata kuna faida ya kweli, kwa sababu ngozi inauchukua mpira hata ukiugusa kwa ncha ya mwendo tu. Sevu ya spini ya nyuma inatoka nzito na fupi. Tena raba nyingi zinazonata zinameza sehemu ya kasi ya mpira, kwa hiyo mpira mfupi unabaki mfupi, unatua mara mbili upande wa mpinzani, naye hapati nafasi ya kuushambulia.

Ukianza kupiga kwa nguvu mambo yanabadilika. Mpira unazama hadi kwenye sponji, na hapo shinikizo lenyewe linaifanya ngozi ishike, iwe inanata au hainati. Kinachoamua kiasi cha spini sasa ni jinsi ngozi na sponji zinavyonyooka na kurudi, na jinsi mkono wako ulivyo mwepesi. Ndiyo maana mchezaji mwenye mwendo mrefu na wa kasi anaweza kupata spini ileile, au zaidi, kwa raba ambayo kwenye jaribio la kuning'iniza ingechekwa.

Smashi ni habari nyingine kabisa. Ukiupiga mpira bapa, bila kuusugua, mshiko hauna kazi kubwa. Mtu anayependa kupiga bapa kila wakati amenunua mshiko asioutumia.

Faida ambayo wengi hawaioni

Watu wanadhani spini ni ya kumsumbua mpinzani tu. Kwangu mimi faida yake kubwa zaidi ni usalama wa mpira wako mwenyewe. Meza ina urefu wa mita 2.74, na wavu una kimo cha sentimita 15.25. Ukipiga mpira bapa kwa nguvu zote kutoka kimo cha kiuno, dirisha la kupita juu ya wavu na bado kutua mezani ni dogo sana. Mpira wenye spini ya mbele unaweza kupita juu zaidi ya wavu, kisha ukajikunja na kuzama kabla ya ukingo wa meza. Unapata ruhusa ya kupiga kwa nguvu bila kuhofia kuutoa nje. Ukitua, unaruka mbele na chini, na mpinzani anayeuzuia bila kuinamisha raketi anauona ukipaa juu ya kichwa chako.

Ruhusa hiyo inatoka kwenye mshiko. Mchezaji aliyezoea raketi ya supamaketi iliyokwisha makali, akishika raba inayoshika kwa mara ya kwanza, mara nyingi anautoa mpira nje kwa mbali. Sababu ni kwamba raba hiyo inaurusha kwa pembe ya juu zaidi kuliko aliyoizoea. Hapo hahitaji kupunguza nguvu. Anahitaji kuinamisha uso wa raketi kidogo na kuusugua mpira zaidi.

Kupokea sevu: hapa ndipo inapouma

Ningeombwa nieleze jambo moja tu kuhusu raba inayoshika, ningechagua hili.

Mpinzani anakupa sevu fupi yenye spini ya nyuma. Mpira unakuja taratibu, hauna vitisho. Unaweka raketi wima, unaugusa tu urudi. Unaanguka kama jiwe mpaka chini ya wavu. Kilichotokea ni kwamba upande wa mpira unaokutazama ulikuwa unazunguka kwenda juu. Ulipogusa raba yako, raba iliushika ule uso usiendelee kupanda, na kwa kuuzuia ikausukuma mpira mzima chini. Raba ya utelezi ingeuacha uso ule upite, na mpira ungerudi karibu na njia iliyonyooka. Kadiri raba yako inavyoshika, ndivyo inavyokulazimisha kulipa kwa kutosoma spini.

Kwa spini ya mbele ni kinyume: uso unaokutazama unazunguka kwenda chini, raba inauzuia, na mpira unapaa. Kwa spini ya pembeni unatoroka kushoto au kulia, wakati mwingine bila hata kugusa meza.

Hii ndiyo sababu kijana anayenunua raba kali ya kwanza anapata mambo mawili kwa mpigo: sevu zake zinawashinda wenzake, na sevu za wenzake zinamshinda. Wengi wanaliona la kwanza na kufurahi, halafu la pili wanaliita bahati mbaya. Raba haina upendeleo. Inafanya kazi ileile pande zote mbili.

Dawa iko kwenye jicho na mkono. Kwanza, usiangalie mpira peke yake wakati wa sevu, angalia raketi ya mpinzani ilielekea wapi ilipougusa. Ikishuka chini ya mpira, fungua uso wa raketi yako uelekee juu. Ikipanda, uinamishe. Pili, na hili makocha wengi wa hapa hawalisisitizi vya kutosha, usiuguse mpira kwa raketi iliyosimama. Ukiusugua kwa mwendo wako mwenyewe, hata mfupi, spini yako inaitawala ya mpinzani badala ya kubaki mateka wake. Mpokeaji mwoga na raba inayoshika hawapatani kabisa.

Hapo pia unaelewa kwa nini mzee fulani ukumbini mwako anaweka vinundu virefu au raba ya utelezi kwenye bekhendi, yaani upande wa mapigo ya mgongo wa mkono. Ameamua upande huo usisikie spini ya mtu. Anachokipoteza ni uwezo wa kutengeneza spini kali kwa upande huo. Ni biashara ya haki, si ujanja mchafu. Kanuni inayotaka pande mbili za raketi ziwe na rangi tofauti, iliyoanza miaka ya 1980, ilikuja ili mpinzani aweze kuona ni upande upi uliogusa mpira. Upande mmoja lazima uwe mweusi. Wa pili ulikuwa mwekundu kwa miaka mingi, na tangu Oktoba 2021 unaweza pia kuwa wa rangi nyingine kama buluu, kijani, waridi au zambarau. Kwa hiyo anayekwambia nyekundu ni ya kasi na nyeusi ni ya spini anakupotosha. Uliza jina la raba.

Kasi iko kwenye sponji

Raba mbili zenye mshiko sawa zinaweza kutofautiana sana kwa kasi. Sponji laini na yenye msukumo mkali inaurusha mpira hata ukiugusa kidogo. Inasaidia ukiwa mbali na meza, inakuponza kwenye mpira mfupi. Sponji ngumu haikupi kitu mpaka uipige kwa nguvu, kisha inakupa yote. Raba nyingi za Kichina zinazonata zina sponji ngumu, na mwanafunzi mwenye mkono usio na kasi anaziona zimekufa. Hazijakufa, zinadai. Siku hizi zipo za kuchanganya, zenye ngozi inayonata kidogo juu ya sponji yenye msukumo, kama Dignics 09C ya Butterfly.

Wanunuzi wa mtandaoni hudanganyika sana na namba ya ugumu. Wanaona raba ya Kichina imeandikwa 40 na ya Kijerumani imeandikwa 47, wanaagiza ya 40 wakidhani ni laini zaidi. Vipimo hivyo si vya mizani moja. Sponji ya 40 kwa kipimo cha Kichina kwa kawaida ni ngumu kuliko ya 47 kwa kipimo cha Kijerumani. Nimeona watu wakikasirishwa na raba nzuri kwa sababu hiyo tu.

Unene nao una maana. Sponji ya milimita 1.5 au 1.8 inakupa udhibiti, kwa sababu unaufikia ubao mapema na kuuhisi mpira. Ya 2.0 au 2.2 inakupa nafasi zaidi ya mpira kuzama, hivyo spini na kasi zaidi kwa anayejua kupiga.

Sponji yenyewe ina historia ya kuvutia. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 wachezaji wengi walitumia raba ya vinundu isiyo na sponji, na mchezo ulikuwa wa mipira mirefu ya kurudishiana. Mwaka 1952, kwenye Mashindano ya Dunia mjini Bombay, Mjapani Hiroji Satoh alikuja na raketi yenye sponji nene na kutwaa ubingwa. Mipira ilitoka kwenye raketi yake bila ule mlio ambao wapinzani waliuzoea. Mwaka 1959 ndipo unene ukawekewa mipaka, na raketi ikaanza kufanana na hii tuliyonayo.

Hewa ya Nairobi, vumbi la Nairobi

Maelezo mengi ya raba tunayoyasoma yameandikwa na watu wanaocheza karibu na usawa wa bahari, kwenye kumbi zilizofungwa vizuri. Sisi tuko kwenye kimo cha takriban mita 1,700. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Mpira unapinda angani kwa sababu unapozunguka unaisukuma hewa upande mmoja, nayo hewa inausukuma upande wa pili. Hewa ikiwa nyepesi, msukumo huo unapungua. Tena hewa nyepesi inaupunguza mpira kasi kidogo tu. Matokeo yake, lupu ileile iliyopigwa kwa mkono uleule inazama polepole zaidi hapa na kutua mbele zaidi.

Timu ya Mombasa ikija Nairobi hutoa mipira nje mwanzoni, na wa Nairobi wakishuka pwani wanaona lupu zao zinaangukia mapema kuliko walivyokusudia. Hakuna aliyesahau kucheza. Saa moja ya kujinoa kabla ya mechi inatosha kumrekebisha mtu, mradi anajua anachokirekebisha. Na kwa mchezaji wa hapa, jambo hili linaupa mshiko thamani zaidi: kama hewa inakusaidia kidogo kuushusha mpira, spini uliyonayo isipotee kwenye utelezi.

Pwani nako kuna tatizo lake, unyevu. Utando mwembamba wa maji ukikaa kwenye raba na kwenye mpira, mshiko unapungua ghafla, na raba zinazonata huumia zaidi. Hapa kwetu adui ni vumbi. Kumbi nyingi tunacheza madirisha yakiwa wazi, sakafu ni ya saruji, na watu wanaingia na viatu walivyotembea navyo barabarani. Mpira unaviringika sakafuni, unaokota vumbi, unakuja kulipaka kwenye raba yako mara mia kwa jioni moja. Ishike raketi yako kwa mshazari chini ya taa. Utaona kingo za raba bado zinang'aa, lakini katikati kuna doa la kijivu lenye ukubwa wa kiganja. Hapo ndipo unapopigia. Ngozi ipo, mshiko umefunikwa.

Kufuta hakuhitaji dawa ya gharama. Sponji safi yenye maji kidogo, pitisha taratibu kuelekea upande mmoja, acha ikauke, kisha funika kwa karatasi ya plastiki. Ule mtindo wa kuipulizia raba pumzi na kuifuta kwa kiganja katikati ya mechi unasaidia kwa muda mfupi, kwa sababu unyevu wa pumzi unaliondoa vumbi. Petroli, thina na sabuni kali zinaiua ngozi, haziirudishii ujana. Vilevile raketi isiachwe kwenye dashibodi ya gari juani. Joto na mwanga vinaikausha raba, na raba iliyokauka inateleza hata ikiwa safi.

Asubuhi za Julai, wakati jiji lina baridi ya nyuzi 12 hivi, raba na sponji hukakamaa na mpira unatoka mzito. Watoto wanaoamkia mazoezi likizoni huniambia raketi imeharibika. Ipashe moto kwa kupiga mipira ya kawaida dakika kumi, utaona.

Mafuta, gundi na raketi ya akiba

Kuna uvumi mwingine unaozunguka: kwamba siri ya mabingwa ni kuipaka raba mafuta. Asili yake ni ya kweli kiasi. Miaka ya 1970, wachezaji Tibor Klampár wa Hungaria na Dragutin Šurbek wa Yugoslavia wanatajwa kuwa waligundua kwamba gundi ya kuziba pancha za baiskeli, ikipakwa kati ya sponji na ubao, inaivimbisha sponji na kuifanya ikaze. Mpira ukawa unatoka kwa kasi na spini kubwa zaidi. Gundi hizo zenye mvuke wenye madhara ziliondolewa na ITTF mwaka 2008, na kanuni za leo haziruhusu kuibadilisha raba kwa kemikali baada ya kutoka kiwandani. Raba halali ina nembo ya ITTF na namba yake karibu na mpini. Itazame kabla ya kulipa, kwa sababu kwenye mashindano mwamuzi ataitazama.

Raba mbili za jina moja nazo hazilingani mkononi. Kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Wang Chuqin wa Uchina alitwaa dhahabu ya wawili mchanganyiko pamoja na Sun Yingsha, na katika msongamano wa wapiga picha raketi yake ikakanyagwa na kuvunjika. Siku iliyofuata, akiwa na raketi ya akiba, alitolewa 4-2 na Truls Möregårdh wa Uswidi kwenye mchezo wa mmoja mmoja. Mwenyewe hakuilaumu raketi, nami simsemei. Ila mchezaji yeyote aliyewahi kubadilisha raba katikati ya msimu anaelewa kwa nini watu waliuliza: umri wa ngozi na safu ya gundi vinatosha kubadilisha pembe ambayo mpira unatokea, na kwa mpira wenye spini kali, tofauti ndogo ya pembe ni tofauti ya meza na sakafu.

Nani anunue ipi

Anayejifunza, ambaye bado haamui mwenyewe mpira uende wapi, namshauri raba inayoshika vizuri, isiyonata, yenye sponji ya ugumu wa wastani na unene wa milimita 1.8. Yasaka Mark V iliingia sokoni mwaka 1969 na Butterfly Sriver mwaka 1967. Zimewafunza watu wengi kwa sababu zinasikia kosa bila kulikuza kupita kiasi. Asichukue ya utelezi kwa kuogopa sevu. Atapokea kwa urahisi mwaka huu na atashindwa kupiga lupu mwaka kesho.

Mwenye lupu tayari, na mkono wa kasi, aende kwenye sponji nene yenye msukumo. Anayependa kucheza karibu na wavu, kuanza na sevu fupi nzito na kumaliza kwa fohendi moja, ajaribu inayonata, akijua kwamba itamdai miguu na mwendo kamili kila anaposhambulia. Wala si lazima pande zote ziwe sawa. Fohendi inayonata na bekhendi yenye msukumo ni mpangilio wa kawaida kabisa.

Badala ya kuning'iniza mpira, ijaribu mezani. Azima raketi ya mwenzako mwenye raba unayoitamani. Piga sevu ya spini ya nyuma kwa mkono wa polepole kabisa: ikiwa mpira unatua upande wa pili ukasimama, au ukaanza kurudi wavuni, ngozi inashika hata kwenye mguso mwepesi. Kisha mwambie akukatie mipira mizito, nawe uipige lupu, kila mmoja kwa nguvu zaidi ya uliotangulia, mpaka usikie ule mlio mkavu wa mpira kuteleza au uridhike kwamba hautakuja. Rudia majaribio yote mawili mwisho wa jioni, raba ikiwa imejaa vumbi na bila kuifuta, maana hali hiyo ndiyo utakayokuwa nayo kwenye seti ya mwisho.